Kwotabeki wa kwanza wa wapinzani na yule wa akiba: nani wa kuogopwa?

SWALI: Mtaalamu, shikamoo. Naishi Clarkston, nje kidogo ya Atlanta, na kazini kwetu karibu wote ni mashabiki wa Georgia, timu ya chuo kikuu. Mimi nimekulia kwenye soka, huu mpira wa Kimarekani ndio kwanza naujifunza. Kila ikikaribia mechi kubwa wanabishana juu ya kwotabeki wa wapinzani: anayeanza na yule wa akiba, nani hatari zaidi? Kuna mzee mmoja husema, "Heri acheze yule wa kwanza, huyo tunamjua," kisha anataja Alabama na mwaka 2018, na wote wananyamaza. Kwa nini mtu aombe acheze aliye bora? Na sisi tusio wataalamu tuwalinganishe vipi hawa wawili bila kudanganywa na takwimu?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Huyo mzee ana haki ya kusema hivyo. Mwaka 2018 Georgia iliumizwa na benchi la Alabama mara mbili, Januari na Desemba, zote katika Uwanja wa Mercedes-Benz hapo Atlanta, si mbali na kwenu. Na aliyetoka benchi hakuwa mtu mmoja. Januari alianza Jalen Hurts, akaingia Tua Tagovailoa. Desemba alianza Tua, akaingia Hurts. Watani wa jadi wa Georgia kwa kweli ni Auburn, Florida na Georgia Tech, lakini kidonda cha Alabama ndicho kinachouma, na kwa swali lako sijui mfano bora kuliko huo. Nitakaa hapo muda mrefu.

Kwanza nikupe msimamo wangu. Kuuliza nani bora kati ya wawili hao ni kuanzia katikati. Anza na hili: kila mmoja anailazimisha safu yetu ya ulinzi ilinde nini? Makwotabeki wawili wenye ubora unaokaribiana wanaweza kudai mipango miwili isiyofanana hata kidogo, na kocha wa ulinzi ana wiki moja tu ya kujiandaa. Hofu ya mzee wenu imetoka hapo.

Kwa kuwa umetoka kwenye soka, nikuwekee msingi kwa ufupi. Timu inayoshambulia hupewa majaribio manne kusogeza mpira yadi 10. Ikifaulu inapewa mengine manne. Karibu kila jaribio mpira unafika kwanza mikononi mwa kwotabeki, naye huamua papo hapo: ampe mkimbiaji, aurushe kwa mpokeaji, au akimbie nao mwenyewe. Nafasi yake inafanana na ya kipa. Winga wa akiba utamwingiza dakika ishirini leo, ishirini wiki ijayo, mpaka kila mtu amzoee. Kipa wa akiba anaweza kukaa msimu mzima akiwa amevaa glovu tu, na siku akiingia, wapinzani hawamjui na mabeki wake mwenyewe hawajazoea sauti yake.

Sasa twende Januari 8, 2018, fainali ya ubingwa wa taifa.

Hurts hakuwa mchezaji wa kubahatisha. Ni kijana wa Channelview, Texas, mtoto wa kocha, aliyechukua namba Alabama mwaka 2016 akiwa mwaka wa kwanza chuoni na kumaliza msimu akiwa mchezaji bora wa ushambuliaji katika kanda ya SEC, kundi la timu za vyuo ambamo Georgia na Alabama wote wamo. Aliifikisha timu fainali, wakafungwa na Clemson 35-31 katika sekunde ya mwisho, baada ya yeye mwenyewe kuwa amekimbia yadi 30 kuiweka Alabama mbele zikiwa zimebaki dakika mbili na ushei. Mwaka 2017 alirusha pasi 255, na moja tu ndiyo ilinaswa na wapinzani. Akaongeza yadi 855 za kukimbia. Mtu akikuletea karatasi ya takwimu hizo, utasema huyu hana pa kushikwa.

Georgia walipashika. Ile pasi moja iliyonaswa kati ya 255 ilikuwa na maana mbili, na watu wengi waliisoma moja tu. Ndiyo, Hurts alikuwa mwangalifu. Lakini uangalifu wenyewe ulitokana na kutorusha: mpokeaji wake wa kwanza akikabwa, mara nyingi hakungoja wa pili wala wa tatu, alikimbia. Kwa hiyo Georgia hawakumvamia ovyo. Walinzi wa pembeni walibaki pembeni, wa katikati wakaziba katikati, wakamfungia ndani, kana kwamba wanamwambia arushe basi. Hadi mapumziko alikuwa amekamilisha pasi 3 kati ya 8, yadi 21. Georgia 13, Alabama 0.

Kocha Nick Saban akafanya uamuzi ambao makocha wengi wasingethubutu kuufanya fainali: akamweka benchi kwotabeki aliyekuwa ameshinda mechi 25 na kupoteza mbili tu tangu achukue namba, akamwingiza kijana wa mwaka wa kwanza kutoka Ewa Beach, Hawaii, anayetumia mkono wa kushoto, ambaye hakuwa ameanza hata mechi moja.

Mashabiki wa Georgia wanaposimulia, humfanya Tua aonekane hakukosea. Alikosea. Pasi yake moja ilinaswa na Deandre Baker. Na alipokuwa uwanjani, Jake Fromm wa Georgia alimrushia Mecole Hardman tachidauni (mpira kufikishwa hadi eneo la mwisho la wapinzani) ya yadi 80, ikawa 20-7. Tofauti ni kwamba Tua alikuwa tayari kurusha mahali ambapo Hurts hakuwa akirusha: katikati ya walinzi wawili, nyuma ya walinzi wa kati, mbali pembeni. Walinzi wa nyuma wa Georgia, ambao kipindi cha kwanza walisogea mbele kusaidia kuziba mbio, sasa walilazimika kurudi. Eneo la kulindwa lilitanuka ghafla, na mpango uliotengenezwa kwa ajili ya mtu mwingine haukutosha kulifunika. Tua alimaliza na pasi 14 kati ya 24, yadi 166, tachidauni tatu. Ile ya kusawazisha, kwa Calvin Ridley, ilikuja kwenye jaribio la nne, mahali ambapo ukikosa mpira ni wa wapinzani, zikiwa zimebaki chini ya dakika nne. 20-20.

Muda wa ziada kila timu huanzia kwenye yadi 25 za mwenzake. Georgia wakapiga mkwaju wa yadi 51, alama tatu, 23-20. Alabama walipopata zamu yao, Tua kwenye jaribio la kwanza alifanya kosa la kitoto: akashikilia mpira muda mrefu, akirudi nyuma, akaangushwa yadi 16 nyuma ya alipoanzia. Jaribio la pili, yadi 26 za kutafuta. Uwanja mzima wa Atlanta ulikuwa umeanza kushangilia. Jaribio lililofuata wapokeaji wa Alabama walikimbia moja kwa moja kwenda mbele. Tua akaupokea mpira, akaangalia katikati. Aliangalia kwa muda wa kutosha mlinzi wa mwisho akabaki palepale akingoja pasi ya katikati. Kisha akageuka kushoto akaurusha yadi 41 kwa DeVonta Smith, naye mwaka wa kwanza. 26-23, mchezo kwisha.

Nikiombwa kuchagua sekunde mbili za kumfundishia mtu namna ya kulinganisha makwotabeki, nitachagua hizo. Mkono wenye nguvu wanao wengi. Macho yanayomdanganya mlinzi, tena sekunde chache baada ya mrushaji kuaibishwa, hayaonekani kwenye jedwali lolote la takwimu.

Je, kuna aliyeweza kuyaona mapema? Kabla ya fainali Tua alikuwa amekamilisha pasi 35 kati ya 53 msimu huo, yadi 470, tachidauni nane, moja imenaswa. Ni takwimu nzuri kuliko za Hurts kwa asilimia. Lakini karibu zote alizipata mechi ikiwa imekwisha amuliwa, Alabama ikiongoza kwa alama nyingi, dhidi ya walinzi waliochoka au wa kikosi cha pili. Takwimu za namna hiyo hazidanganyi kwa makusudi, zinapima kitu kingine. Mchambuzi mwangalifu angeziweka kando, akatazama picha za video pasi kwa pasi, asihesabu ngapi zilifika bali zilirushwa wapi na baada ya kuangalia wapi. Aliyefanya hivyo angeona kwamba kijana huyu anatafuta mpokeaji wa pili na wa tatu. Kama angeshauri wiki nzima ya maandalizi itumiwe kwa mtu ambaye huenda asiingie, hilo ni jambo jingine. Siwalaumu makocha wa Georgia. Walijiandaa kwa ajili ya yule aliyeanza, nao walimweza.

Mwaka uliofuata Tua akawa namba moja, na hapo takwimu zikatoa fundisho kwa upande wa pili. Msimu wa 2018 Tua alikamilisha pasi 245 kati ya 355, yadi 3,966, tachidauni 43, sita zikanaswa. Hurts, sasa wa akiba, alikamilisha 51 kati ya 70, yadi 765, tachidauni nane, mbili zikanaswa. Piga hesabu: Tua asilimia 69, Hurts karibu 73. Kwa kila pasi iliyorushwa, Tua yadi 11 na kidogo, Hurts karibu 11. Kwa kusoma jedwali tu, wa akiba analingana na mtu aliyeshika nafasi ya pili katika tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka ule. Hakuna mtu makini Alabama aliyedai hivyo. Hata takwimu za Tua zilikuwa na upungufu wake, maana mara nyingi Alabama waliongoza sana kiasi kwamba alipumzishwa kabla ya robo ya nne. Alikuwa hajajaribiwa sana akiwa nyuma kwa alama.

Desemba 1, 2018, fainali ya SEC, akajaribiwa. Safari hii Georgia walikuwa wameandaa kila kitu kwa ajili yake, na waliandaa vizuri: pasi 10 tu kati ya 25, mbili wakazinasa. Waliongoza 28-14. Kisha robo ya nne, Alabama wakiwa wamepunguza hadi 28-21, Tua akaumia kifundo cha mguu, akatolewa.

Akaingia Hurts. Kwenye uwanja uleule, dhidi ya timu ileile iliyomfanya awekwe benchi miezi kumi na moja kabla.

Walinzi wa Georgia walikuwa wametumia jioni nzima kumkimbilia mtu anayetoa mpira haraka, wakifunika pasi fupi na za kati. Sasa mbele yao yuko mtu anayeweza kukuvunja kwa miguu. Na kuna jambo la pili ambalo mimi naliona kubwa zaidi: huyu hakuwa Hurts wa Januari. Alikaa mwaka mzima akifanya kazi na kocha wa makwotabeki Dan Enos, alibaki Alabama wakati ambapo kuondoka kungekuwa rahisi, na sasa alisimama nyuma ya ukuta wake, yaani wazuiaji wanaomkinga, akatazama, akangoja, akarusha. Pasi 7 kati ya 9, yadi 82. Tachidauni kwa Jerry Jeudy, 28-28. Kisha, dakika moja na sekunde nne kabla ya kipenga, akakimbia mwenyewe yadi 15 hadi ndani. 35-28.

Ripoti ya Januari juu ya Hurts ilikuwa sahihi kwa Januari. Ukiwasikia wenzako wakisema "yule wa akiba tulishamwona mwaka jana, hawezi pasi," waulize: amefanya nini tangu mwaka jana? Mchezaji wa miaka 20 hubadilika kwa kasi ambayo mtu wa miaka 30 habadiliki. Hurts alihitimu masomo yake Alabama mwezi huohuo, akahamia Oklahoma, na mwaka 2019 akarusha yadi 3,851 na kukimbia 1,298, akashika nafasi ya pili katika Heisman nyuma ya Joe Burrow wa LSU. Burrow mwenyewe alikuwa ametoka Ohio State alikokuwa wa akiba. Februari 2025 Hurts akawa mchezaji bora wa Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa, akiwa na Philadelphia.

Kutokana na mechi hizo mbili, nikuambie nini mimi hutazama nikipewa majina mawili ya wapinzani.

Miguu kwanza, na hapa kuna hesabu ambayo ukiijua utaanza kuuona mchezo kwa namna nyingine. Kwotabeki asiyekimbia akishampa mkimbiaji mpira, yeye amejitoa. Wanabaki washambuliaji 10 dhidi ya walinzi 11, kwa hiyo ulinzi una mtu mmoja wa ziada. Kwotabeki anayekimbia hufuta faida hiyo, kwa sababu lazima mlinzi mmoja abaki akimtazama yeye kila jaribio, hata kama hana mpira. Pia walinzi wanaomfuata kila mpokeaji mtu kwa mtu huwa wamempa mgongo kwotabeki; akikimbia wanachelewa kujua. Ndiyo maana dhidi ya mtu kama Hurts makocha wengi huchagua kulinda maeneo, macho yote yakiwa kwake, na ukilinda maeneo unaacha mianya kwa mrushaji hodari kama Tua. Uone mtego ulipo: dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine. Timu yenye wote wawili ni tabu kuliko timu yenye mmoja aliye bora kidogo kuliko wote wawili.

Mkono nao una uzito kuliko watu wanavyodhani. Anayerusha kwa mkono wa kulia, akijiweka tayari, mgongo wake unaelekea kushoto. Kwa hiyo mzuiaji bora wa ukuta huwekwa kushoto. Kwa Tua ilikuwa kinyume, na mwaka 2018 mtu aliyelinda mgongo wake alikuwa Jedrick Wills, mzuiaji wa kulia. Ukibadilisha kwotabeki wa kulia kwa wa kushoto katikati ya mechi, mlinzi wetu mkali aliyezoea kuvamia kutoka upande mmoja anajikuta ghafla anaonwa waziwazi, na anayetaka kumvamia kutoka asikoona anapaswa kuwa mwenzake wa upande wa pili. Hata upande ambao kwotabeki anapenda kukimbilia akibanwa unageuka. Ni mambo madogo, lakini hayo madogo ndiyo yanayochelewesha mlinzi kwa nusu sekunde.

Kisha majaribio ya tatu. Jaribio la tatu likiwa na yadi saba au nane za kutafuta, kila mtu uwanjani anajua pasi inakuja. Hapo hakuna wa kumdanganya kwa mbio. Ukipata nafasi ya kutazama kwotabeki wa akiba kwa dakika chache tu, tazama hizo, na utupe zilizobaki. Na zitazame pale ambapo tofauti ya alama ilikuwa ndogo. Kama hazipo kabisa, basi ukubali kwamba humjui, usijaze pengo kwa sifa alizokuwa nazo sekondari.

La mwisho, usimlinganishe kwotabeki peke yake. Ohio State ya 2014 ndiyo ushahidi wangu. Braxton Miller aliumia bega kabla msimu haujaanza. J.T. Barrett akashika namba, akang'ara, akavunjika kifundo cha mguu kwenye mechi ya Michigan. Wa tatu, Cardale Jones, hakuwa ameanza mechi hata moja maishani mwake chuoni. Mechi yake ya kwanza kuanza ilikuwa fainali ya kanda: Ohio State 59, Wisconsin 0. Ya pili wakaifunga Alabama 42-35. Ya tatu wakaifunga Oregon 42-20, wakawa mabingwa wa taifa. Ajabu? Kiasi. Jones alikuwa na mkono wa kurusha mbali kuliko Barrett, na Devin Smith alikuwa na mbio za kuzifuata pasi hizo. Lakini nyuma yake alisimama Ezekiel Elliott, aliyekimbia yadi 220, 230 na 246 katika mechi hizo tatu. Kwotabeki mgeni mwenye mkimbiaji wa namna hiyo na ukuta imara haombwi kuokoa mchezo, anaombwa asiuharibu, na walinzi wakisogea mbele kumzuia Elliott anarusha juu yao. Ukisikia wa akiba anaingia, swali la pili baada ya "ni nani?" liwe "mbele yake na pembeni yake kuna nani?"

Sijasema kitu kuhusu mazoezi, nacho hakionekani kwenye televisheni. Katika wiki ya kawaida kwotabeki wa kwanza hupata sehemu kubwa ya mazoezi na kikosi cha kwanza. Wa akiba hupata makombo, na wakati mwingine kazi yake ni kuigiza kwotabeki wa timu ijayo ili walinzi wa kwao wajifunze. Kwa hiyo wa akiba anayeingia ghafla katikati ya mechi na wa akiba anayeanza akiwa ameandaliwa wiki nzima ni watu wawili tofauti, hata kama jina ni moja. Anapoingia ghafla, kocha wake hupunguza mbinu zibaki chache anazozijua, lakini na sisi hatujajiandaa. Akipewa wiki nzima, mbinu zake zinaongezeka, ila na sisi tumepata wiki ya kumsoma. Nani anafaidika zaidi? Mimi naona mara nyingi ni ulinzi, kwa kuwa makocha wa ulinzi wakishapata video za mechi moja kamili, udhaifu haujifichi tena.

Mashabiki wa Georgia wameliona hilo kwa upande wao wenyewe. Desemba 2024, fainali ya SEC dhidi ya Texas, Carson Beck aliumia kiwiko, Gunner Stockton akaingia kipindi cha pili timu ikiwa nyuma 6-3, na Georgia wakashinda 22-19 katika muda wa ziada. Notre Dame wakapata wiki kadhaa za kujiandaa kwa ajili ya Stockton, wakashinda 23-10 kule New Orleans. Alabama pia: Novemba 2019 Tua aliumia nyonga, Mac Jones akapewa timu, na Auburn wakamnasa pasi mbili, zote mbili wakazirudisha hadi tachidauni, wakashinda 48-45. Mwaka uliofuata Jones huyohuyo aliipa Alabama ubingwa wa taifa bila kupoteza mechi. Wa akiba wa leo usimhukumu kwa Novemba yake moja.

Kuna jambo limebadilika tangu siku za Hurts na Tua, na wenzako wanaozungumza kana kwamba bado ni 2018 wanapaswa kulizingatia. Oktoba 2018 ulianzishwa mfumo wa kuandikisha majina ya wanaotaka kuhama chuo, tangu 2021 mchezaji aliweza kuhama mara moja bila kukaa nje msimu, na tangu 2024 anaweza kuhama tena na tena alimradi masomo yake yako sawa. Zaidi ya hapo, tangu Julai 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Kijana anayeweza kuanza mahali pengine haketi tena benchi miaka mitatu akingoja. Clemson walionja hilo mapema: Septemba 2018 Trevor Lawrence alipopewa namba, Kelly Bryant aliondoka wiki ileile, na Jumamosi iliyofuata Lawrence akaumia dhidi ya Syracuse. Ikabidi wa tatu katika foleni, Chase Brice, aongoze safari ya yadi 94 ili washinde 27-23. Mwishoni mwa msimu Clemson wakawa mabingwa, kwa kuifunga Alabama ya Tua 44-16. Bila Brice sijui kama wangefika.

Kwa hiyo siku hizi wa akiba wa wapinzani huwa ni mmoja wa aina mbili: kijana mpya mwenye kipaji ambaye hajaonekana, au mtu mzima aliyehama vyuo viwili vitatu ambaye video zake zimejaa, ila akiwa na jezi nyingine. Huyu wa pili watu humdharau, nami namwogopa zaidi kwa mechi moja. Amekwisha pigwa, amekwisha zomewa, na jaribio la tatu na yadi nane halimtetemeshi mikono. Yule kijana mpya mara nyingi atakupa zawadi moja kwa kila tachidauni anayokufunga.

Tukirudi kwa mzee wenu, ombi lake lina mantiki pale tu ambapo mambo mawili yamekutana: wa akiba anacheza mchezo tofauti na wa kwanza, na anaingia bila taarifa. Likikosekana moja, muombe Mungu acheze yule wa akiba. Kwa timu nyingi tofauti kati ya wa kwanza na wa pili ni kubwa kweli, na kocha huwa hakukosea kumweka benchi. Alabama ya 2018 ilikuwa na makwotabeki wawili ambao wote leo wanajulikana Marekani nzima. Hiyo si hali ya kawaida, na haifai kuwa kipimo cha kila timu.

Siku likitokea mbele ya macho yenu, wa kwanza akatolewa na wa pili akavaa kofia ngumu, msitazame pasi yake ya kwanza. Karibu kila kocha humpa pasi rahisi ya kumtuliza. Tazameni walinzi wawili wa mwisho wa Georgia wanasimama yadi ngapi nyuma. Wakisogea mbele, makocha wetu hawauamini mkono wake, wanamtaka arushe. Kisha ngojeni jaribio la tatu la kwanza lenye yadi nyingi, mtazame kichwa chake: kama kinamwelekea mpokeaji mmoja tangu anapopokea mpira mpaka anaurusha, tulieni. Kama kinageuka mara ya pili na ya tatu huku walinzi wanamkaribia, mwambieni mzee kwamba huyu ni wa aina ile anayoisema.